Mkia wa Ini la Kamugisha

Kamugisha, mdogo wangu,

Nimekaa barazani kwangu Hamugembe. Mvua imekatika sasa hivi na migomba bado inadondosha maji juu ya bati la jirani. Barua hii nimeshaianza na kuichana, kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta nakuandikia ripoti: mgonjwa, umri, sababu ya kupigwa picha. Ndivyo tulivyoandikiana miaka yote, mimi nikisoma picha na wewe ukizipiga. Leo nataka kukuandikia kama mtu anavyomwandikia mtu.

Nina neno juu ya Kemilembe, binti yako. Pia juu ya ahadi niliyompa mdogo wako Rwiza siku ya kuondoa matanga yako. Nitakwenda taratibu, unanijua.

Kwanza habari za kawaida. Kiti chako cha chumba cha CT, kile ulichokifunga kwa mpira wa baiskeli, wamekitupa. Nililalamika, wakaniletea kipya kinachozunguka, na mimi sikikalii. Kule Muleba, Rwiza amekata migomba yote iliyopatwa na mnyauko na kupanda upya. Shamba lilikaa uchi msimu mzima, ila sasa machipukizi yamefika kiunoni. Kemilembe anafundisha shule ileile, na Jumamosi huja mjini kuninunulia sukari ambayo sijamwagiza. Na ile programu tuliyoichorea picha wewe na mimi, imeanza kujaribiwa hospitalini. Asimwe, yule mhandisi uliyemwita "binti wa waya", ndiye anayeisimamia.

Kazi hiyo unaijua kuliko mimi, lakini niache niieleze tena, maana nikieleza ndipo ninapotulia. Kompyuta haijui ini ni nini. Inapewa picha za watu ambao mtaalamu ameshawachorea kwa mkono mpaka wa ini, wa bandama na wa figo. Hizo tuliziita picha za rejea. Mgonjwa mpya akija, programu inachukua picha moja ya rejea, inaivuta huku na kuikunja kule hadi ilingane na mwili wa mgonjwa, na ile mipaka iliyochorwa inakwenda nayo. Kisha inachukua ya pili, na ya tatu, hadi ziishe. Mwishoni kila picha inatoa kauli juu ya kila nukta: hapa ni ini, hapa ni bandama, hapa si kitu. Zilizo nyingi ndizo zinazoshinda. Picha moja peke yake inaweza kupotosha, zikiwa nyingi zinasahihishana.

Unakumbuka zile za kwanza tulizoletewa kutoka nje? Bandama zake zilikuwa ndogo kama ngumi ya mtoto, wakati watu wetu wa pembeni mwa ziwa, kwa malaria na kichocho, bandama zao nyingine zinashuka karibu na kitovu. Ndipo tukaamua kuchora za kwetu. Mimi nachora, wewe unasimama nyuma yangu unanung'unika, "Ma Leokadia, hapo umeingia shambani kwa watu." Na kweli kalamu yangu ilikuwa imevuka mpaka.

Wewe mwenyewe ukawa mmoja wao. Ulipigwa picha kwa ajili ya mawe ya figo, ukajitolea. Nilipofika kwenye ini lako nikasimama. Upande wa kushoto lilikuwa limenyooka, limepita juu ya tumbo, limekwenda kulala juu ya bandama kama mkia. Ni umbile tu, watu wachache wanazaliwa nalo, wala si ugonjwa. Lakini wewe uliinama ukaangalia, ukasema, "Hilo ndilo ini la mnywa rubisi, Ma. Limejinyoosha linatafuta kibuyu." Nikakuambia funga mdomo wako. Nikauchora mkia huo hadi ncha.

Kisha kiharusi kikakuchukua, kwa haraka ambayo mpaka leo sijaielewa.

Siku ya kuondoa matanga, wazee walipomtawaza Rwiza kuwa mrithi wako, musika, alisimama mbele ya watu akaniita kwa jina. Alikuwa amesikia kwamba mjini kuna kompyuta ambamo tumbo lako bado linaonekana. "Kaka yangu tumemzika mzima," alisema. "Sitaki picha ya ndani yake ibaki Bukoba ikizungushwa kwenye kompyuta na watu wasiomjua. Musika ndiye anayelinda mwili wa aliyetangulia. Naomba picha hiyo itoke." Wengine waligeuka kuniangalia, wakidhani daktari atabisha. Sikubisha. Aliomba jambo lililo haki yake. Nilitoa neno langu mbele ya wazee, nikarudi mjini, picha yako ikatolewa kwenye programu na kuwekwa kwenye diski kabatini, chini ya kufuli, ufunguo nikikaa nao mimi. Nimestaafu, lakini wameniachia ufunguo huo.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, nimetoka misa, namenya ndizi. Asimwe akapiga simu. Hakunisalimia, na wewe unajua adabu ya yule mtoto. "Ma, njoo uone picha. Ni Kemilembe wa Ta Kamugisha."

Pikipiki aliyopanda akitoka Muleba iliteleza kwenye kona yenye tope. Dereva alichubuka tu. Kemilembe aliangukia ubavu wa kushoto, juu ya jiwe.

Nilipanda bodaboda, mimi niliyeapa kutoipanda tena baada ya kuumia goti. Nilimkuta mwanao kwenye machela, midomo imekauka, nguo bado zina tope. Aliponiona alitaka kuinuka aniamkie. Nikamzuia. Mapigo yake yalikuwa yanakwenda mbio na presha inashuka kidogo kidogo. Mbavu zilikuwa zimevunjika, hilo lilikuwa wazi. Lisilo wazi lilikuwa chini ya mbavu.

Daktari wa upasuaji ni Ambokile, kijana wa Mbeya ambaye wewe hukumkuta. Ni hodari, mikono yake haina pupa. Alinionyesha skrini. Kati ya mbavu na bandama kulikuwa na kitu kama hilali, kinene katikati, kimeikumbatia bandama. Programu ilikuwa imekipaka rangi ya bandama, kingo zimekatika-katika. Kwa mtu aliyeanguka juu ya jiwe, picha hiyo inasomeka kwa namna moja tu: bandama imepasuka, damu imejikusanya chini ya ngozi yake, na wakati wowote ngozi itaachia.

"Naingia, Mama," Ambokile alisema. "Naitoa."

Lakini mimi nilikiangalia kile kitu nikakuona wewe.

Sikuwa na uhakika, Kamugisha, nataka ulijue hilo. Ile dawa ya mshipani inayong'arisha viungo hakuchomwa, kwa sababu aliwahi kuvimba uso kwa dawa ya namna hiyo. Bila dawa, ini na damu iliyoganda vina kijivu kilekile. Nilitafuta pale mkia unapoungana na ini, juu ya tumbo, lakini alikuwa akihema kwa maumivu na picha imetikisika mahali hapohapo. Altrasaundi ya haraka ilionyesha kivuli tu, na alipiga kelele kifaa kilipogusa ubavu, wakaacha. Na kama umbile hilo mtu hulirithi kwa baba yake, sijawahi kusoma popote. Nilikuwa na kumbukumbu ya ini lako, basi.

Nikamwambia Ambokile huenda ni ini. Hakucheka.

"Mama, nakuheshimu. Kama ni ini na nikakata, nimemwaga damu ambayo haikuwepo. Nimelielewa. Lakini kama ni bandama na nikasubiri, anafia hapa tukiwa tunazungumza. Wewe utaenda nyumbani, mimi nitawatazama ndugu zake usoni. Nionyeshe kitu, siyo kumbukumbu." Kisha akasema, "Wanaandaa chumba na damu inatafutwa. Damu ikifika, naingia."

Asimwe alinivuta pembeni. "Ma, picha zote zilizomo zina ini fupi. Hakuna hata moja iliyowahi kuona ini limefika kule. Haiwezi kusema ni ini. Ingekuwepo ya Ta Kamugisha..." Tuliangalia kabati wote wawili.

"Fungua tu," alininong'oneza. "Mzee Rwiza yuko Muleba, atajuaje?"

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, ile sauti ya mwanamke ikaniambia jaribu baadaye. Baadaye! Muuguzi akapita na fomu ya ridhaa. Kemilembe, kwa dawa ya maumivu waliyomchoma, alikuwa anasinzia na kuamka, na kila akiamka anauliza kama dereva yuko salama.

Nikachomeka ufunguo kwenye kufuli, na kwa mkono wa pili nikapiga simu mara ya mwisho. Nakuambia kweli: kama simu ile ya mwisho isingeita, ningefungua, na kesho yake ningepanda gari kwenda Muleba kupiga magoti mbele ya mdogo wako. Nilikuwa nimeshaamua. Neno langu kwa wazee ni zito, lakini si zito kuliko mtoto. Ila niliona aibu kukuamsha ulikolala bila kwanza kubisha hodi kwa Rwiza.

Simu ikaita, Rwiza akapokea.

"Ma Daktari, waitu! Mbona unahema?" Alikuwa kwenye kahawa, nasikia matawi.

Nikamweleza.

"Mtoto yuko wapi sasa?"

"Mlangoni pa upasuaji."

"Na picha ya kaka itamsaidia nini? Ma, kaburi lake naliona kutoka hapa niliposimama. Huyo hawezi hata kumpa damu."

Hapo ndipo miaka yangu yote ya kufundisha ilitakiwa ifanye kazi, na nafasi ilikuwa ndogo. Nikamuuliza: mpaka wa kibanja ukitiliwa shaka, milamula iliyopandwa kuuonyesha imeng'olewa, mnafanyaje? Akasema wanaita majirani, kila mmoja atembee aonyeshe anapoujua mpaka, kisha wanapanda milamula mipya pale wengi walipokubaliana. Nikamwambia ndivyo mashine inavyofanya. Nimeita majirani wengi, lakini kuna kona moja ambayo hakuna kati yao aliyewahi kupakana nayo. Wote wanaisemea kwa kukisia, na kwa kuwa ni wengi, wanashinda.

"Kumbe kaka ndiye anayepakana na kona hiyo."

"Ni yeye peke yake."

Nikasikia akitema ganda la kahawa aliyokuwa anatafuna.

"Basi mwite. Mwambie mwanawe ameanguka. Lakini leo tu, Ma. Jua likizama arudi alale."

Nikafungua kabati.

Asimwe aliiingiza picha yako miongoni mwa nyingine, na programu ikaanza kuvuta na kukunja. Ni kazi ya polepole, hasa pale inapokutana na mbavu zilizovunjika. Tulisimama. Ambokile aliingia, akatoka, akaingia. Majibu yakaja: rangi ileile ya bandama, kingo zilezile.

"Wamemshinda kwa kura," Asimwe alisema. "Yeye mmoja, wao wote."

Ndipo nikamkumbusha kile tulichobishania zamani, wewe ukiwa upande wangu. Kura zisiwe sawa. Kila picha ipimwe mahali kwa mahali inavyofanana na mgonjwa, na pale inapofanana zaidi isikilizwe zaidi. Anayefanana kwenye figo asikilizwe kwenye figo. Asimwe alikuwa ameshaiandika sehemu hiyo, ila ilikuwa nzito kwa kompyuta yetu, wakaizima. Akaiwasha. Feni ya kompyuta ikaanza kulia kama cherehani.

Muuguzi akachungulia. "Daktari, damu imefika."

Ambokile alikuwa amesimama nyuma yangu, pale ulipokuwa unasimama wewe. Akavuta kile kiti kipya, akakaa.

Kisha rangi ya ini ikaonekana upande wa kulia, mahali pake. Ikapita juu ya tumbo, nyembamba sana. Ikaendelea. Ikafika kushoto, ikanenepa, ikailalia bandama. Na bandama ikabaki chini yake, ndogo, nzima, ukingo wake laini kama yai.

Asimwe alipiga makofi. Mimi nikamshika mkono.

Kwa sababu hapo ndipo penye mtego, na ungekuwepo ungeuona kabla yangu. Tuliipa kompyuta baba yake, ikamkuta baba yake. Mtu akitaka sana kuona kitu, ataitengeneza hata mashine imwonyeshe. Nikamwambia Ambokile, "Huu si ushahidi. Huu unatuonyesha tu pa kutazama." Nikaweka kidole kwenye skrini, pale mkia ulipopita juu ya tumbo, kati ya mbavu mbili ambazo hazikuvunjika. "Weka altrasaundi hapa. Si pale penye maumivu. Kama ni ini, utaona mishipa yake inaingia humo, na akivuta pumzi kitateleza pamoja na ini. Damu iliyoganda haina mishipa."

Akaenda mwenyewe. Hakumtuma mtu.

"Dada, vuta pumzi. Kidogo tu."

"Mawe, mama yangu!" Kemilembe akalia. "Mikono yako baridi kama samaki!"

"Nisamehe. Tena kidogo."

Nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimemshika mwanao kichwa, skrini siioni. Nilikuwa naangalia uso wa Ambokile tu. Alisogeza kifaa, akarudisha, akakilaza. Akabonyeza kitufe kinachoonyesha damu inayotembea. Macho yake yakafuata kitu kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayesoma mstari.

"Mshipa," akasema. Baadaye kidogo, "Unaingia mpaka ndani." Akamwambia muuguzi, bila kugeuka, "Rudisheni damu kwenye friji. Lakini chumba msikifunge bado."

Hakukifunga mpaka alasiri. Siwezi kukuambia kwamba tulishangilia, kwa sababu presha haikupanda papo hapo, na mimi niliyesema asikatwe ndiye niliyekaa naye. Kila muuguzi alipomfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha nilikuwa naomba kimoyomoyo. Nilifikiri: kama nimekosea, nimemuua mtoto wa Kamugisha kwa kumpenda Kamugisha. Maji ya mshipani yakaingia, dawa ya maumivu ikashika, mapigo yakaanza kutulia. Zilikuwa mbavu, na maumivu, na kunyeshewa barabarani tangu alfajiri bila kitu tumboni. Alipoamka vizuri aliomba uji, akalalamika kwamba una sukari nyingi. Ndipo nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Jua lilikuwa bado liko juu ya kilima nilipomkumbusha Asimwe. Aliifuta picha yako kwenye programu mbele yangu. Alisema, "Ma, tuiache. Umeona ilichofanya. Na kesho je, akija mwingine?" Nilimwambia musika amesema leo tu. Nikairudisha diski, nikafunga kufuli.

Rwiza alikuja kumwona mtoto, amebeba ndizi na kifungu cha kahawa ya kutafuna. Nikadhani ataomba kuona picha, akasema hapana, hataki. Ila Kemilembe aliniomba nimweleze tena, nami nikamweleza, majirani na kona na vyote. Alisikiliza kimwalimu, akiuliza pale nilipopita haraka. Mwisho akamgeukia baba yake mdogo.

"Kwa hiyo wakiwa na ini langu, hawana haja ya kumsumbua Baba?"

Rwiza akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi wekeni langu. Mimi niko hai, nikichoka kuzungushwa nitakuja kuwagombeza."

Rwiza alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Huyu ni wa kaka."

Nimemaliza kuichora picha ya Kemilembe wiki hii, baada ya yeye kutia sahihi. Macho yangu si yale ya zamani, nilipumzika mara nyingi. Pale mkia unapoilalia bandama, mpaka ni mwembamba mno, na kalamu yangu ilivuka. Nikangoja mtu aninung'unikie. Kisha nikafuta mwenyewe, nikachora upya.

Sasa naomba nikuage, Kamugisha. Nimemwomba Asimwe ile njia ya kusikiliza kwa kufanana isizimwe tena, hata kompyuta ikilia, na nitatafuta wengine wenye ini kama lenu waridhie kuchorwa, ili Kemilembe asibaki peke yake kwenye kona yake. Hilo nakuahidi. Nakuahidi na jingine, gumu zaidi kwangu. Tangu ufe, kuna siku nimekwenda hospitalini bila kazi, nikasimama mbele ya kabati lile na ufunguo mkononi, nikitaka tu kukuona, hata kama ni ini na figo. Sitasimama pale tena. Ufunguo nimempelekea Rwiza.

Pumzika, ndugu yangu. Mwanao amerudi darasani.

Ma Leokadia
Hamugembe, Bukoba